Ndege ya mabomu isiyokamatika: Hawker Hart na injini yake ya Kestrel

Msomaji wa Nakuru ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba mwaka 1930 Waingereza walikuwa na ndege ya kuangusha mabomu iitwayo Hawker Hart, yenye bawa la juu na bawa la chini, na kwamba ndege zao wenyewe za kupambana angani zilishindwa kuikamata kwa mbio. Sielewi. Ndege ya mabomu hubeba watu wawili na mzigo, na ile ya mapambano hubeba mtu mmoja na bunduki zake. Je, ni kweli, au ni majigambo ya wauzaji? Kama ni kweli, siri ilikuwa kwenye nguvu ya injini ya Kestrel au kwenye umbo? Na kama walijua kwamba umbo lina maana, kwa nini waling'ang'ania mabawa mawili? Nimesikia pia kwamba ndege za ukoo huu zilifika Kenya."

Marahaba. Ni kweli, wala si majigambo. Hart ya kwanza iliruka Juni 1928, ikaingia katika Jeshi la Anga la Kifalme mwanzoni mwa 1930 kwenye Skwadroni 33, na katika mazoezi ya ulinzi wa anga ya Uingereza ya mwaka huohuo marubani wa ndege za mapambano walijikuta wakiifukuza ndege wasiyoweza kuifikia. Hart ilikwenda karibu kilomita 296 kwa saa. Bristol Bulldog, ndege mpya ya mapambano iliyokuwa imeanza kazi mwaka mmoja tu kabla, ilifika kilomita 280 hivi. Armstrong Whitworth Siskin, ambayo vikosi vingi vya ulinzi vilikuwa bado vinaitumia, iliishia kama 250. Mfukuzaji anayeanza nyuma akiwa na kasi ndogo kuliko anayefukuzwa hana la kufanya isipokuwa kuomba mwenzake aharibikiwe, na kamanda wa ulinzi aliyeona hivyo alikuwa na haki ya kukosa usingizi.

Sasa tuliangalie swali lako kuu, maana ndilo wengi hulijibu haraka na vibaya. Jibu la haraka husema kwamba Kestrel ilikuwa na nguvu nyingi. Tuhesabu. Kestrel ya kwanza iliyofungwa kwenye Hart, injini ya kampuni ya Rolls-Royce, ilitoa nguvu za farasi 525. Injini ya Bulldog, Bristol Jupiter, ilitoa 490. Tofauti ni kama asilimia 7. Lakini ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, na kwa hiyo nguvu inayotakiwa kuushinda hukua kwa kipeo cha tatu. Maana yake ni kwamba ukiizidisha nguvu ya injini mara mbili bila kubadili kitu kingine chochote, utapata nyongeza ya kasi ya robo tu na kidogo. Ile asilimia 7 ya ziada, ikiwekwa kwenye Bulldog ileile, ingeipandisha kutoka kilomita 280 hadi 286 au hapo karibu. Ili Bulldog ifike 296 kwa nguvu peke yake, ingehitaji nyongeza ya asilimia 18. Na hapo bado hatujasema kwamba Hart ilikuwa kubwa zaidi: mabawa yake yalikuwa na eneo la zaidi ya mita za mraba 32, ya Bulldog yakiwa na 28 na kidogo, uzito wake ikiwa imejazwa ulikuwa kilo 2,085, na wa Bulldog ulikuwa kama 1,600. Ndege kubwa zaidi, nzito zaidi, yenye mtu wa pili aliyesimama nyuma na bunduki yake ya Lewis kwenye upepo, ikawa na mbio zaidi. Nguvu haitoshi kueleza hilo.

Kinachoeleza ni upana wa uso. Jupiter ilikuwa injini ya duara: silinda 9 zimepangwa kuizunguka kranki, yaani ule mti unaozungushwa na pistoni, kama miale ya gurudumu la baiskeli, kila moja ikipozwa na upepo unaoipiga usoni. Kipenyo chake kilikuwa mita 1.38, yaani injini inayokaribia urefu wa mtu mfupi kutoka ncha hadi ncha, na kwenye Bulldog vichwa vya silinda vilitokeza nje ya boneti, wazi, vikikata hewa kama vigingi. Kestrel ilikuwa na silinda 12 katika safu mbili za sita sita, safu hizo zikiwa zimeegemea nje kwa pembe ya digrii 60 na kufanya herufi V. Upana wake ulikuwa kama sentimita 62 na kimo chake kama 90. Uso wa Jupiter ni duara la mita ya mraba 1.5, uso wa Kestrel unatoshea ndani ya mstatili wa mita ya mraba 0.56. Wavuvi wetu wanalijua jambo hili bila hesabu. Ngalawa ina mwili mwembamba kiasi kwamba bila ndubi zake mbili isingesimama majini, lakini upepo huohuo wa kusi unaoisukuma hauwezi kulipa tishali mwendo kama ule, hata ukiliongezea tanga.

Hata hivyo naomba usizichukue namba hizo mbili kama ushahidi uliokamilika, kwa sababu injini hairuki peke yake. Nyuma yake yuko rubani, na rubani ana mabega. Hapa ndipo ninapoona uhodari wa mchoraji wa Hart, Sydney Camm, aliyekuwa mbunifu mkuu wa kampuni ya Hawker kule Kingston: upana wa Kestrel ni karibu sawa na upana wa mabega ya mtu aliyevaa koti zito la kurukia. Kwa hiyo kiwiliwili cha ndege hakikuhitaji kuvimba mahali popote. Pua ilianza na kibumba chenye ncha katikati ya rafadha, boneti ikaufuata mstari huo hadi kwa rubani, mtunguaji akakaa nyuma yake mgongo kwa mgongo, na kutoka hapo mwili ukapungua taratibu hadi mkiani. Mtu wa pili, alipotakiwa kulenga mabomu, alilala kifudifudi chini ya kiti cha rubani akachungulia kupitia tundu la sakafuni. Ni adha, lakini haikuongeza hata sentimita moja ya upana. Ndiyo maana nasema kwamba Hart ilichorwa kuizunguka Kestrel, na ukiuliza kama siri ni injini au umbo, umetenganisha vitu ambavyo Camm hakuvitenganisha: umbo lile lisingewezekana bila injini ile, na injini ile kwenye mwili mnene isingekuwa na faida.

Injini yenyewe ina asili ambayo Waingereza hawakupenda sana kuisimulia, kwa sababu inaanzia Marekani. Mwaka 1923 Wamarekani walikwenda Cowes, Uingereza, na ndege za mashindano zenye injini ya Curtiss D-12, wakachukua kombe la Schneider, la mbio za ndege za majini. Richard Fairey, mtengenezaji wa ndege wa Uingereza, aliona, akaenda kununua injini hizo, akajenga ndege ya mabomu aliyoiita Fox. Ilipoingia kazini mwaka 1926 kwenye Skwadroni 12, Fox ilikwenda kama kilomita 250 kwa saa na kuziacha ndege nyingine zote za jeshi. Serikali ikapata haya ya kutegemea injini ya kigeni, ikanunua Fox 28 tu, na D-12 moja ikapelekwa Derby kwa Rolls-Royce ili waichambue. Aliyepewa kazi ya kubuni injini ya Kiingereza ya mtindo huo, ndiyo Kestrel, alikuwa Arthur Rowledge, aliyejiunga na Rolls-Royce mwaka 1921 akitokea Napier, ambako alikuwa amebuni injini maarufu ya Lion.

Jambo walilojifunza kwa D-12 ni moja, nalo ndilo kiini cha Kestrel: silinda zote sita za upande mmoja zikae ndani ya bloku moja la aluminiamu lililomiminwa kalibuni. Leo fundi yeyote wa gereji atashangaa kwamba hili lilihitaji kuvumbuliwa, maana bloku ndicho kitu cha kwanza anachokiona akifungua boneti. Lakini injini kubwa za ndege za Vita Kuu ya Kwanza, kama Eagle ya Rolls-Royce wenyewe, zilikuwa na silinda moja moja za chuma, kila moja imesimama peke yake juu ya kasha la kranki kama chupa kwenye kreti, na kila moja imevishwa koti la bati jembamba lililochomelewa ili maji ya kupoza yapite katikati. Makoti hayo yalikuwa mwanzo wa matatizo mengi. Silinda zilitikisika kila moja kwa namna yake, bati likachoka, mshono wa welding ukafunguka, maji yakavuja. Tena, kwa kuwa kila silinda ilihitaji nafasi yake na koti lake, injini ilirefuka.

Bloku moja liliondoa hayo yote kwa mpigo. Silinda zikasogeleana, injini ikafupika na kukakamaa, na maji yakapita ndani ya aluminiamu iliyo nene badala ya bati. Ndani ya kila tundu uliwekwa mrija wa chuma, yaani laina, ili pistoni isisugue aluminiamu ambayo ni laini. Kila silinda ilikuwa na kipenyo cha milimita 127 na mwendo wa pistoni wa milimita 139.7, piga hesabu ya ujazo wake, zidisha kwa 12 na utapata lita 21 na robo. Juu ya kila safu ulilala mti mmoja wa kemu, ukiendesha vali nne kwa kila silinda, mbili za kuvuta na mbili za kutoa. Kwa sababu injini ni ya mipigo minne na ina silinda 12, mlipuko mmoja hutokea kila kranki inapogeuka digrii 60, na pembe ya V nayo ni digrii 60, kwa hiyo mipigo hufuatana kwa nafasi sawa na mitikisiko mikubwa hufutana yenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi mitambo, mzee aliyetufundisha alikuwa na mazoea ya kusimamisha sarafu ya shilingi kwa ukingo wake juu ya kifuniko cha injini iliyo kwenye mwendo wa taratibu, na sarafu ikianguka anasema kazi haijaisha. Injini ya V yenye silinda 12 ndiyo pekee aliyotuambia kwamba sarafu ikianguka, kosa ni la fundi na si la mbunifu.

Linganisha sasa matokeo. Jupiter ilihitaji ujazo wa lita 28.7 kutoa nguvu zake 490, yaani farasi 17 kwa kila lita. Kestrel ilitoa karibu farasi 25 kwa kila lita, na ilikuwa mwanzo tu. Matoleo ya baadaye yalipita 600 na hatimaye yakavuka 700 kwa ujazo uleule. Kestrel ya Hart za mwanzo haikuwa na supachaja, lakini ile iliyofungwa kwenye ndege za mapambano zilizofuata ilikuwa nayo. Supachaja ni feni inayoendeshwa kwa giya kutoka kwenye kranki, ikizunguka kwa kasi kubwa mno na kuisukumia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingeivuta yenyewe, na faida yake huonekana juu, ambako hewa ni nyepesi. Kati ya kranki na rafadha kulikuwa na giya za kupunguza mwendo, kwa sababu injini ilipenda kuzunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, lakini ncha za rafadha ndefu zikizungushwa kwa mwendo huo hukaribia kasi ya sauti na kuanza kupoteza kazi kwa kelele. Rafadha yenyewe ilikuwa ya mbao, ya mapanga mawili, isiyobadilika pembe. Nayo ni kama baiskeli yenye giya moja tu, ambayo imechaguliwa iwe ngumu kidogo kwenye kupanda na nyepesi kidogo kwenye tambarare.

Ukitazama picha za Hart kwa karibu utaona kwenye ncha ya kile kibumba cha katikati ya rafadha meno madogo ya chuma, na watu hudhani ni urembo. Hapo ndipo palipochomekwa mti wa kuwashia. Gari dogo, aghalabu la Ford Model T, lilisogezwa mbele ya pua likiwa na mti mrefu wa chuma uliotokeza juu ya dereva. Ncha ya mti ikakamata yale meno, injini ya gari ikazungusha rafadha, na Kestrel iliposhika yenyewe mti ukajiachia. Pasipokuwa na gari hilo, mafundi walichomeka mkono wa kuzungushia ubavuni mwa boneti na kuuzungusha kwa nguvu za mwili.

Bado kuna deni la injini ya maji ambalo watetezi wake hulipita kimyakimya: rejeta. Injini ya duara hupozwa na upepo bila kitu cha ziada, ilhali Kestrel ilihitaji maji, mabomba na rejeta, na rejeta ni ukuta uliosimamishwa kwenye upepo kwa makusudi. Sehemu ya faida ya uso mwembamba hurudishwa hapo. Camm aliiweka rejeta ya Hart chini ya tumbo, nyuma ya magurudumu, na akaifanya iweze kuteremshwa au kupandishwa ndani ya mwili kwa gurudumu la mkono alilozungusha rubani. Wakati wa kuruka na kupanda, injini ikiwa imechemka na mwendo ukiwa mdogo, rejeta hushuka. Ikifika juu kwenye baridi, rubani huikunja na ndege huongeza mwendo. Ni suluhisho zuri kwa rubani asiye msahaulifu. Baadaye Rolls-Royce walijaribu kuiondoa rejeta kabisa kwa kuacha maji yageuke mvuke na kuupoza mvuke huo ndani ya ukingo wa bawa, katika injini waliyoiita Goshawk. Haikufaulu, na nadhani ilistahili kutofaulu: mabomba ya mvuke ndani ya mabawa ya ndege ya vita ni mwaliko kwa risasi.

Kuhusu mabawa mawili, swali lako lina lawama ndani yake, kana kwamba walikuwa wamelala. Hawakuwa wamelala. Bawa jembamba la wakati ule, lililotengenezwa kwa mihimili ya chuma na mbavu nyepesi kisha likavishwa kitambaa cha kitani kilichokazwa kwa dawa, lisingeweza kusimama peke yake bila kukunjika. Ukiweka bawa la pili chini yake, ukasimamisha nguzo katikati na kuvuta waya kwa mshazari, umepata kitu kilekile kilicho kwenye daraja la reli: muundo wa pembetatu, mwepesi sana na mgumu sana. Gharama yake ni ukinzani wa nguzo na waya, na Waingereza walipunguza gharama hiyo kwa kutumia waya bapa wenye umbo la jani badala ya waya mviringo. Faida nyingine ilikuwa ya mwendo mdogo. Viwanja vilikuwa malisho ya nyasi, magurudumu yalikuwa hayana breki za kutegemewa, na ndege yenye eneo kubwa la mabawa kwa uzito mdogo ilitua polepole na kusimama karibu. Bawa moja lililo nene, la chuma mwili mzima, lenye vipanuzi vya kutulia na magurudumu ya kukunja, lilikuwa linakuja. Lakini lilipata maana pale injini zilipofika nguvu za kuwezesha kasi ambayo waya zisingeweza kuvumilika tena.

Ndani ya kitambaa Hart ilikuwa ya chuma. Camm na mwenzake wa Hawker, Fred Sigrist, walibuni kiunzi cha mabomba ya chuma na duraluminiamu ambacho hakikuchomelewa mahali popote: ncha za bomba zilibanwa ziwe za pembe nne ili bamba bapa lilale juu yake, kisha bamba likakazwa kwa bolti na riveti. Nalipenda jambo hili kuliko hata kasi ya Hart. Bomba likipinda kwenye uwanja ulio mbali na kiwanda, fundi hulifungua kwa spana, akaweka jingine, na ndege ikaruka kesho yake. Ndiyo maana jeshi liliweza kuziweka Hart kwenye mpaka wa kaskazini-magharibi mwa India kwa miaka mingi.

Tokeo la aibu ile ya 1930 lilikuwa la kuchekesha kidogo: ili kuikamata Hart, waliigeuza Hart yenyewe kuwa ndege ya mapambano, wakaipa Kestrel yenye supachaja na kuiita Demon. Camm alitoa pia ndege ndogo ya mtu mmoja, Fury, iliyoanza kazi mwaka 1931 na kuwa ndege ya mapambano ya kwanza katika jeshi hilo kuvuka maili 200 kwa saa, yaani kilomita 322. Ukoo ukaendelea kuzaa: Audax ya kushirikiana na askari wa miguu, Osprey ya manowari, Hardy ya majangwani, Hind iliyokuwa Hart iliyoboreshwa. Wasweden walichukua mwili wa Hart wakafunga injini ya duara ya Pegasus, na chache kati ya hizo, zikiwa zimevaa ski badala ya magurudumu, zilipigana Finland katika majira ya baridi ya 1940. Kwenye baridi ya namna ile, injini isiyo na maji haina kitu cha kuganda.

Sasa Kenya. Mwishoni mwa Agosti 1939, siku chache kabla ya vita, Skwadroni namba 1 ya Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo) ilihamia Kenya ikiwa na Hart na Audax, na Aprili 1940, ikiwa Nairobi, ikapewa jina la Skwadroni 237 ya jeshi la Uingereza. Baadaye ilitumia Hardy pia. Kutoka Afrika Kusini zilikuja Hartbees, ambazo ni Hart zilizobuniwa kwa ajili ya nchi hiyo zikiwa na toleo la tano la Kestrel lenye nguvu za farasi zaidi ya 600. Nne zilijengwa Uingereza na 65 zikajengwa Pretoria kwenye karakana za Roberts Heights. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, ndege hizi zilitumika kaskazini mwa Kenya na kuelekea Ethiopia kuwasaidia askari wa ardhini.

Wewe uliyeko Nakuru utaelewa haraka taabu waliyoikuta mafundi wake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko Mombasa, na mchana wa joto huwa nyepesi zaidi, kwa hiyo injini isiyo na supachaja hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho kabla hata haijaondoka ardhini, bawa nalo linahitaji mwendo mrefu zaidi ili linyanyuke. Kilomita zile 296 za Hart zilipimwa kwenye kimo cha futi 5,000 hivi, na uwanja wa Nairobi umeshapita hapo. Kisha kuna maji. Kila anayepika maharage Limuru anajua kwamba yanachelewa kuiva, kwa sababu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Nairobi huchemka kwenye 94 au 95. Kwa mpishi ni kero ya kuni, lakini kwa injini inayopozwa na maji ni kupungua kwa nafasi iliyopo kati ya joto la kazi na maji kuanza kutoka kwa mvuke, jambo linalomlazimisha rubani kuiacha rejeta imeteremshwa chini muda mrefu, na hivyo kuipoteza sehemu ya mbio ambazo ndege ilisifiwa kwazo.

Isitoshe, mwaka 1940 mbio zilikuwa zimegeuka. Waitaliano walikuwa na Fiat CR.42, nayo ni ndege ya mabawa mawili kama Hart, tena yenye injini ya duara ambayo Hart ilidhaniwa kuishinda, lakini ilikwenda zaidi ya kilomita 430 kwa saa. Ndani ya miaka 12 injini za duara zilikuwa zimepata nguvu za farasi 840, na muhimu zaidi, zilikuwa zimefunikwa kwa boneti zilizobuniwa vizuri, zile silinda zilizokuwa zikipiga upepo kama vigingi zikafichwa. Hoja ya uso mwembamba haikuwa imekosewa. Wapinzani wake waliisoma wakaitafutia dawa.

Kestrel ilizeeka kwa heshima zaidi. Messerschmitt Bf 109 ya kwanza kabisa, ndege ya mapambano ya Wajerumani iliyoruka Mei 1935, ilivutwa na Kestrel kwa sababu injini ya Kijerumani haikuwa tayari. Derby nako walichukua mpangilio uleule, wakaupanua hadi lita 27, wakapata Merlin; Camm naye aliifunga Merlin hiyo kwenye kiunzi cha mabomba na bolti cha mtindo wa Hart, akakipa bawa moja, na ndege hiyo, Hurricane, ikaruka Novemba 1935.

Ukitaka kuona moja kwa macho, Hart yenyewe iko kwenye jumba la makumbusho la jeshi la anga kule Hendon, London. Hind iliyouzwa Afghanistan mwaka 1938 ilirudishwa Uingereza mwaka 1970 na kurushwa tena 1981 na Shuttleworth, mkusanyo wa ndege za kale kulekule Uingereza. Lakini kwetu, iliyo karibu zaidi ni Hartbees iliyobaki katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Kijeshi, Johannesburg. Ukifika, usianzie kwenye mabawa. Simama mbele ya pua, angalia upana wake ukiulinganisha na mabega yako, halafu chuchumaa utazame chini ya tumbo, nyuma ya magurudumu, mahali pa rejeta.